Vipande Vinapokuwa Bastola

Kuna swali ambalo mwanzoni laonekana kama mchezo wa maneno, lakini ukilifuata hufika mbali: kitu huanza lini kuwa kitu chenyewe? Mbao na misumari si meza. Zikipigiliwa ni meza. Swali hili halimnyimi seremala usingizi. Lakini huko Marekani wako watu ambao hujifunza ufundi wa silaha nyumbani, kwa kuunganisha bastola kutoka vipande vilivyonunuliwa kimoja kimoja, na kwao swali ni zito zaidi.

Bastola inayopendwa sana kwa kazi hii ni ile aliyoibuni John Browning, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911 na kuitumia kama bastola yake ya kawaida hata mwaka 1985. Haki za ubunifu wake zilikwisha zamani, hivyo viwanda vingi hutengeneza sehemu zake: kiunzi, mtutu, nyundo, springi na vijino. Lakini vipande vya viwanda mbalimbali havikubaliani mara moja. Mwanafunzi hukibana kipande kwenye jiliwa, akapiga tupa pole pole, akajaribu, akapiga tena. Kuna kijino kidogo kinachoishika nyundo isianguke mpaka kifyatulio kivutwe. Akikipunguza kupita kiasi, hata kwa unene wa unywele, silaha yaweza kulia yenyewe ikidondoka, au kulia mfululizo kwa mvuto mmoja. Sioni sababu ya kuubeza ufundi huo. Mtu anayeijua silaha yake kwa ndani huiogopa kwa namna iliyo njema kuliko yule aliyeinunua dukani akaitia mfukoni.

Basi katika kazi yote hiyo, bastola imeanza lini? Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilijibu kwa kuchagua kipande kimoja: kiunzi ndicho silaha, nacho chapigwa namba kiwandani, mtutu na nyundo ni vyuma tu, mtu huviagiza kwa posta. Ni jibu la karani, na makarani wahitaji majibu ya namna hiyo. Lakini wafanyabiashara wakaona upenyo. Wakauza viunzi ambavyo havijamalizika, bila namba, vimebaki kutobolewa matundu machache, wakisema hivi si silaha. Serikali ikabadili kanuni mwaka 2022, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaikubali kanuni hiyo, majaji 7 kwa 2. Katika hoja zao ilikuwamo hii: mtu aliyenunua meza ya kuunganishwa nyumbani husema amenunua meza, ingawa bado imo sandukuni vipande vipande. (Kwetu Tanzania mambo ni mafupi zaidi: huundi silaha bila kibali cha serikali, hata iwe gobori.)

Hoja ya meza yafaa hata nje ya mahakama. Hakuna aagizaye mtutu kwa kupenda mabomba. Amekwisha kuiona bastola nzima moyoni. Ila kujifunza kwa vipande kuna hatari yake: kila hatua ni ufundi mwema, na hakuna hatua inayomsimamisha mtu ikamwuliza, wafanya nini? Jumatatu ni springi, Jumanne ni nyundo. Jumamosi jioni silaha iko mezani, na mwenyewe aona kana kwamba hakuna siku aliyoamua.

Wako wasemao chombo hakina hatia, kwamba panga lakata majani na laweza kukata mtu. Ni kweli nusu. Panga hukata majani kila siku. Bastola nayo ina michezo yake ya shabaha, imo katika Olimpiki tangu 1896. Lakini hii ya Browning ilibuniwa kwa ajili ya askari, na aiundaye ajua.

Mikhail Kalashnikov, aliyebuni AK-47, alisema kwa miaka mingi kwamba aliitengeneza kuilinda nchi yake. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, alimwandikia Patriaki Kirill wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi akiuliza: ikiwa bunduki yake imeua watu, je, yeye Mkristo ana hatia ya vifo hivyo, hata kama waliokufa ni maadui? Alifariki Desemba 2013, na barua ikatangazwa gazetini mwezi uliofuata. Msemaji wa Patriaki alieleza kwamba silaha ikitumika kuilinda nchi, Kanisa humwunga mkono aliyeibuni na askari anayeitumia. Jibu hilo haliniridhishi. Mzee aliuliza juu ya nafsi yake, akajibiwa juu ya nchi.

Kalashnikov hakuweza kujua kila bunduki ilikokwenda. Mwanafunzi wetu anayo moja, na aweza kujua: kile kijino kimekaa sawasawa? Usiku hulala wapi? Akifa, ni nani atakayeirithi? Sheria ya taifa lile humruhusu raia kujiundia silaha ya kutumia mwenyewe, lakini kuunda kwa biashara yataka leseni. Kwa hiyo akianza ya pili na ya tatu hana budi kueleza ni za nani.

Tena aliyejifunza kuiunganisha ajua kuifungua. Bastola ile hufunguka kwa dakika chache. Fundi mwenye watoto nyumbani aweza kuutia mtutu katika sanduku moja la kufuli na kiunzi katika jingine, na funguo zake asiziweke pamoja.