Kabla Hujalinyanyua Gari

Wanangu mnaopeleka wageni Manyara, Ngorongoro na Serengeti, nina neno nanyi. Siku hizi kijana akipata Land Cruiser kuukuu, kabla hajabadilisha hata mafuta ya difu, mbio gereji akaongezewe inchi nne. Anatoka huko gari limesimama kama twiga, wenzake wanampongeza. Mimi nauliza swali moja tu: umelinyanyua kwa ajili ya mzigo gani?

Springi kazi yake ni kubeba, na urefu ni matokeo. Gari la kwendea sokoni haliwezi kutumia springi moja na gari la safari lenye abiria saba, friji, betri mbili, tangi la ziada na mizigo juu ya paa. Springi ngumu chini ya gari jepesi inalirusha. Ukifika kwenye yale matuta madogo yanayofuatana ya barabara ya vumbi, tairi zinadunda badala ya kukanyaga, na tairi iliyo hewani haina breki wala usukani. Springi laini chini ya gari zito nayo inakaa mpaka inagonga mipira ya kuzuia, halafu kila shimo linapiga chesisi moja kwa moja. Kwa hiyo pakia gari kama unavyolipakia siku ya safari, lipeleke kwenye mizani, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Muuza springi anayeijua kazi atakuuliza kilo kabla ya inchi. Akianza na inchi, muage kwa heshima.

Kuna jambo vijana hawapendi kulisikia. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele na nyuma, springi ndefu haipandishi difu hata milimita moja. Kinachopanda ni bodi na chesisi. Jiwe lililokuwa linagonga difu jana litaigonga na kesho. Difu inapandishwa na tairi tu, tena kidogo: ukitoka 265/75R16 ukaweka 285/75R16, kipenyo kinaongezeka milimita 30 hivi, na difu inapanda nusu yake. Hapo hapo mshale wa spidi nao unaanza kudanganya, ukisoma 80 unakwenda karibu 83. Sisemi kunyanyua hakuna faida. Bampa halichoti udongo ukiingia korongoni, tumbo la gari linavuka tuta, na ekseli inapata nafasi ya kucheza. Lakini ujue unanunua nini.

Na ujue unalipa nini. Chukua gari ambalo kati ya tairi ya kushoto na ya kulia kuna mita 1.5, na kitovu cha uzito wake kiko mita 0.75 kutoka chini. Gawa nusu ya upana kwa kimo hicho, unapata 1. Kipandishe kitovu sentimita 10, unapata 0.88. Maana yake ni kwamba nguvu inayotosha kulipindua gari kwenye kona imepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, na hiyo ni hesabu ya karatasi. Gari halisi linalala upande kwa sababu ya springi, basi linapinduka mapema zaidi. Bado hujafunga hema la paani na madumu ya dizeli.

Usukani ndio wa kwanza kulalamika. Land Cruiser za 78 na 79 tangu mwaka 1999 zina springi za kuzunguka mbele, na ekseli inashikwa na mikono miwili ya chuma. Ukipandisha mbele, mikono hiyo inageuza ekseli, na ile pembe ya kasta inayorudisha usukani katikati baada ya kona inapotea. Gari linaanza kutangatanga kwenye lami, dereva anasingizia upepo au tairi. Dawa ipo, kuna bushi maalumu za kurudisha kasta, lakini zinunuliwe siku moja na springi. Chuma kinachozuia ekseli isihame kushoto wala kulia nacho kinahitaji kurekebishwa, la sivyo bodi itakaa upande mmoja. Propela pia inapinda zaidi, krosi zinakwisha upesi.

Breki ndizo zinazonitia hofu. Magari mengi ya kazi ya zamani, Land Cruiser na Hilux zikiwemo, yana vali inayosoma mzigo, imefungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti cha chuma. Gari likilemewa, nyuma inashuka, kijiti kinasukuma, vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Sasa wewe umepandisha nyuma. Vali inaona gari tupu saa zote, hata likiwa na watu saba. Breki za nyuma zinapewa kidogo, za mbele zinabeba karibu kazi yote. Mjini hutagundua. Utagundua unateremka barabara ya Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, au kwenye kona za kushukia Mto wa Mbu jioni, pedali ikianza kuzama. Marekebisho ya kijiti hicho ni kazi ndogo sana, na ndiyo inayosahauliwa na karibu kila mtu.

Prado na Hilux zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea zinavumilia kidogo zaidi kuliko zenye ekseli nzima. Ukipita milimita 50 hivi, shafti za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda na mipira yake inachanika. Milimita 50 ndicho kipimo ambacho ningemwambia kijana yeyote asikivuke, gari lolote.

Mbinu za bei nafuu ziache. Bloku la chuma kati ya springi na ekseli ya mbele, hapana. Kurefusha vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi, hapana. Kuchomelea, usinitajie. Na usiniambie umeona magari ya Rhino Charge. Mashindano yale yalianza Kenya mwaka 1989 kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare, na magari yake yanatambaa porini kutafuta njia fupi. Hayarudishi familia ya wageni uwanja wa ndege kwa kilomita 90 kwa saa.

Fundi akimaliza, usilipe kwanza. Gari lipandishwe kwenye jeki, magurudumu yaning'inie, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uangalie mipira ya breki: isivutike, isiguse tairi. Shokapu ziwe za urefu unaolingana na springi, maana zikiwa fupi ndizo zitakazozuia ekseli kushuka, na zitakatika. Pakia mzigo, jaribu breki mahali pasipo na watu. Peleka alaimenti. Baada ya kilomita 500 hivi rudi yubolti zikazwe tena. Bima yako nayo ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa. Na kama fundi hataki ulale naye chini ya gari mkague pamoja, mlipe alichokwisha kufanya, chukua funguo zako.