Ridha Mbele ya Kadari

Ridha, yaani hali ya moyo kuyapokea bila kinyongo yale ambayo Mwenyezi Mungu ameyakadiria, imewashughulisha wanazuoni wa Kiislamu kwa karne nyingi, hasa kwa sababu ya swali moja zito: ikiwa kila litokealo ni kadari, na muumini ametakiwa aridhike na kadari, je, aridhike pia na dhuluma na dhambi? Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analijibu katika Ihya Ulum al-Din kwa kuitazama dhambi kwa pande mbili: kwa kuwa imetokea kwa uwezo na matakwa ya Mungu, hukumu yake hupokewa, na kwa kuwa ni chumo la mja, yaani tendo alilojipatia mwenyewe na atakaloulizwa, huchukiwa na kupingwa. Ni jibu la mwanafalsafa, na pengine halimtoshi aliyedhulumiwa, lakini linawaziba midomo wanaotaka kujificha nyuma ya kadari.

Kuhusu maumivu, Al-Ghazali anatoa mfano wa mgonjwa anayeumikwa, ambaye wembe unapomchanja ngozi husikia uchungu kama mtu mwingine yeyote, na hata hivyo ameutaka mwenyewe na humshukuru aliyemchanja. Kuridhika, basi, hakumfanyi mtu asiumie. Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu wa karne ya 8, anasimuliwa kuwa alicheka alipofiwa na mwanawe Ali, ili kuonyesha kwamba ameridhia. Mtume Muhammad, alipofiwa na mwanawe Ibrahim, alitokwa na machozi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliipima mikasa hii miwili na kuona kwamba aliyelia ndiye mkamilifu zaidi, kwa kuwa moyo wake ulizienea ridha na huruma pamoja, hali moyo wa Fudhail ulikuwa na nafasi ya moja tu.

Kwa kipimo hicho, kauli isemwayo sana misibani Afrika Mashariki, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, ni faraja ya haki kwa mama aliyefiwa. Ila inapotamkwa juu ya waliofukiwa na ghorofa lililojengwa kwa saruji pungufu, chumo la mjenzi linabaki palepale, likisubiri kuulizwa.