Amana Iliyobaki Kwenye Jalada

Mgonjwa akiacha kuja kliniki, nani anadaiwa? Tumezoea kusema anadaiwa yeye: alipangiwa tarehe, hakutokea, basi. Ila kwa homa ya ini jibu hilo haliniridhishi.

Huko Uholanzi, kupitia mradi uitwao CELINE, madaktari walipekua majibu ya maabara ya miaka 15 nyuma, nchi nzima, wakiwatafuta watu waliokutwa na homa ya ini aina ya C kisha wakapotelea mbali na hospitali. Ukilitazama kwa karibu jalada moja la zamani, utaona jibu la kipimo, tarehe, na anwani ambayo huenda mwenyewe alishaihama. Kwa nini aliondoka? Enzi hizo tiba ilikuwa sindano za interferoni, kwa miezi sita hadi mwaka, zikiambatana na homa na huzuni nzito, na takriban nusu tu ya wagonjwa ndio waliopona. Aliyekataa mateso hayo huenda hakuwa mzembe hata kidogo. Alipima, akaamua. Leo vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Uamuzi wake ulihusu tiba ambayo haitumiki tena, na yeye hana habari. Ini nalo halisemi: linaweza kuharibika kwa miaka na mwenyewe anajiona mzima.

Ndiyo maana naliona jibu lile la maabara kuwa amana. Amana ni kitu cha mtu kilichoko mikononi mwa mwingine, na hakigeuki kuwa mali ya mshikaji eti kwa sababu mwenyewe hajaja kukidai. Hospitali inajua jambo kuhusu mwili wa mtu ambalo mwenye mwili amelisahau, au hakuelezwa vizuri. Kukosa miadi hakufuti deni hilo.

Lakini je, mtu hana haki ya kuachwa? Anayo, na naiheshimu. Huenda ameoa, amejenga maisha mapya, na barua ya hospitali ikifunguliwa na mkono usiohusika itamletea aibu asiyostahili. Hata hivyo, hiari ni uwezo wa kuchagua ukijua unachochagua. Asiyejua kwamba dawa imebadilika hajaikataa. Kwa hiyo atafutwe kwa siri na kwa upole, aelezwe, na akisema hapana baada ya kuelewa, mlango ubaki wazi na simu zikome.

Huku kwetu aina ya B ndiyo inayotusumbua zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi nayo, na waliokuwa wamepimwa wakajulikana ni asilimia 13 tu. Amana kama ile iko pia kwa wachangiaji damu: damu inayochangwa hupimwa B na C. Ikikutwa na virusi, chupa hutupwa. Tumeilinda damu ya atakayeongezewa, jambo jema kabisa. Na aliyeitoa je, tumemfuata kwa bidii ileile?

Ewe mhudumu, jina lililoko kwenye daftari lako lina mwenyewe, mpigie. Nawe uliyechangia damu ukaambiwa urudi kuchukua majibu, nenda kayaulize wiki hii. Aina ya B haina dawa ya kuifuta kabisa, lakini dawa za kuidhibiti zipo, na daktari ndiye atakayekuambia kama unazihitaji.