Usimzulie Kocha Siku ya Kufungwa

Kufungwa kunauma. Anayesema mpira ni mchezo tu hajawahi kutoka Uwanja wa Mkapa usiku akiwa na jezi nyekundu, anasaka daladala katikati ya watu wa kijani na njano wanaoimba. Mimi ni wa Msimbazi, shabiki wa Simba, na maumivu hayo nayajua vizuri. Kwa hiyo simwambii mtu asiumie, wala asinung'unike. Shabiki ametoa kiingilio, amelipia kadi ya uanachama, amemnunulia mwanawe jezi halisi akaiacha ya feki. Ana haki kamili ya kusema timu imecheza ovyo na kocha amekosea. Nasaha yangu ni juu ya maneno tunayoyachagua saa ile ya uchungu, hasa tunapomsema mgeni aliyekuja kutufundishia timu.

Tukumbuke Roberto Oliveira, yule Mbrazili tuliyemwita Robertinho. Agosti 2023, pale Mkwakwani Tanga, Simba ilichukua Ngao ya Jamii kwa penalti mbele ya Yanga, na watu wakasema kocha ndiye huyu. Oktoba timu ikakutana na Al Ahly kwenye michuano mipya ya African Football League, ikatoka sare ya 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo, ikatolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hakuna aliyeona aibu kwa hilo. Kisha ikaja Novemba 5. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili Yanga wakaongeza manne, mechi ikaisha 5-1, na siku mbili baadaye Robertinho hakuwa tena kocha wa Simba.

Kumwondoa kocha ni uamuzi wa viongozi, na mtu anaweza kuuunga mkono au kuupinga. Lakini mazungumzo ya wiki ile hayakubaki kwenye mpira. Timu iliyokwenda mapumziko kwa sare ikafungwa manne ndani ya dakika 45 ina maswali ya wazi: pumzi ziliishia wapi, katikati palikuwa na nani wa kukaba, mabadiliko yalifanywa lini, mabeki walipanda wakaacha nani nyuma? Hayo ni maswali ya mtu anayependa timu yake. Badala yake yakazagaa maneno mengine: kuna watu wameuza mechi, kuna watu wamekula hela.

Neno hilo tumelizoea mno mpaka tumesahau uzito wake. Kusema mtu ameuza mechi ni kusema amepokea rushwa, amemsaliti mwajiri wake na wenzake wote anaovaa nao jezi moja. Ukimwambia hivyo jirani yako mwenye duka, mnaweza kuishia kituo cha polisi. Kipa na beki tunawaambia kila tunapofungwa na watani, kisha tunakwenda kulala.

Niliwahi kukaa kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, asubuhi ya baada ya mechi. Birika liko juu ya mkaa, kashata za karanga kwenye sinia, magazeti ya michezo yanapita mkono kwa mkono. Kijana mmoja akafungua simu, akasikilizisha kijiwe kizima sauti ya mtu aliyekuwa akitaja kiasi cha fedha alichopewa beki fulani, na hoteli alikopewa. Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja aliyekuwa akimenya chungwa pembeni akamuuliza taratibu: "Mwanangu, wewe ulimwona akipokea?" Kijana akajibu kwamba kila mtu anajua. Mzee akasema, "Mimi sijui. Mimi niliona beki amechelewa kurudi, winga akampita. Sema hilo, maana hilo tumeliona sote."

Nimeyashika maneno ya mzee yule kwa sababu yanatosha kutuongoza. Sema ulichokiona. Kocha kamtoa kiungo mkabaji mapema, umeona. Kampanga mchezaji upande usio wake, umeona. Timu inapiga mipira mirefu wakati straika wake ni mfupi, umeona. Lalama kwa sauti unayotaka, piga meza ukipenda. Lakini kilicho moyoni mwa mtu, na kilicho mfukoni mwake, hukukiona. Na kama kweli unao ushahidi kwamba mtu alihongwa, basi rushwa michezoni ni kosa kama rushwa nyingine. TAKUKURU wapo, TFF wapo, peleka jambo huko. Kulitangaza kijiweni bila kulipeleka panapostahili ni kuzusha tu.

Watani zetu wa Jangwani, Yanga, nao hawajasalimika. Miguel Gamondi, Muargentina aliyerithi timu kwa Nasreddine Nabi, aliifikisha Yanga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako haikuwa imefika tangu 1998. Akaenda mpaka robo fainali, akatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu, na msimu ule wa 2023/24 akabeba ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Shirikisho la hapa nchini. Novemba 2024 timu ikafungwa na Azam, kisha na Tabora United, mechi mbili mfululizo, na akaondolewa. Kuanzia hapo mpaka Oktoba 2025, alipofika Mreno Pedro Gonçalves, walipita katikati Sead Ramovic, Miloud Hamdi na Romain Folz. Chini ya mwaka mmoja, na kila mmoja alipokelewa kama mkombozi.

Gamondi mwenyewe, ambaye vijiweni ilisemwa kaishiwa mbinu, Novemba 2025 alikabidhiwa Taifa Stars. Akaipeleka AFCON kule Morocco, na timu ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Wana Simba na wana Yanga tulikaa mbele ya televisheni moja tukimwombea dua mtu yule yule. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo baadhi yetu tulikuwa tumemtolea maneno ambayo leo hatuwezi kuyarudia mbele yake.

Tuwe wa kweli pia juu ya kazi yenyewe. Mara nyingi kocha mpya anafika dirisha la usajili limefungwa, anakuta kikosi kilichochaguliwa na watu wengine. Hajui nani ana goti bovu na nani ana msiba nyumbani. Ratiba haimsubiri: leo Dar es Salaam, wiki ijayo Sokoine kule Mbeya, katikati kuna safari ya ndege kwenda kucheza mechi ya Afrika na kurudi na uchovu. Mazoezi ya kufundisha mfumo mpya anayapata lini? Mwezi wa kwanza wa kocha, tunachokitazama kwa sehemu kubwa ni kazi ya aliyemtangulia. Mwenye kumpenda kocha na mwenye kumchukia wote wangefanya vyema kulijua hilo kabla ya kufungua kinywa.

Na makosa hayaanzii kwenye matusi, yanaanzia uwanja wa ndege. Tunakwenda kumpokea mtu na matarumbeta, tunamvika shada, tunamwimbia ubingwa kabla hajajua choo cha klabu kiko wapi. Sifa zisizo na msingi zinaandaa lawama zisizo na msingi. Abdelhak Benchikha alipokuja Simba Novemba 2023 alitoka kuipa USM Alger Kombe la Shirikisho Afrika, tena kwa kuitoa Yanga yenyewe fainali. Kwetu hiyo ilikuwa sababu ya kushangilia mara mbili. Aprili 2024 akaondoka, klabu ikatangaza kuwa ni kwa sababu za kifamilia, na hapo tena ndimi zikaanza kutunga. Mtu akisema nyumbani kwake kuna tatizo, adabu yetu ya siku zote ni kumpa pole. Sijui kwa nini mpira utufanye tuidharau adabu tuliyolelewa nayo.

Utani siugusi. Kumtania mwenzako wa upande wa pili, kumpigia simu saa sita usiku umhesabie mabao, kumwachia pole mlangoni kwake, hayo ni mapenzi ya aina yake na nchi hii ingekuwa kavu bila hayo. Mtani anajua mpaka, na kesho yake mnazikana. Kumtukana kocha rangi yake, nchi yake, mama yake au mkewe hakumo ndani ya utani. Yule si mtani wako, hana la kukujibu, na wala asidhaniwe kwamba haelewi kwa kuwa hajui Kiswahili. Wachezaji wake wanamfasiria, na simu yake inamfasiria.

Kuna wanaotusikiliza zaidi ya kocha. Mtoto wa miaka kumi aliyeketi na baba yake kwenye banda la kuonyeshea mpira anajifunza pale namna mtu mzima anavyopokea kushindwa. Akisikia kila kushindwa kuna aliyehongwa, atakua hivyo hivyo: akifeli mtihani, mwalimu kamwonea, akikosa kazi, kuna aliyependelewa. Mara nyingine ni kweli, na pale ambapo ni kweli lazima isemwe. Ila mtoto anayefundishwa kwamba hakuna mshindi halali hatajifunza kufanya mazoezi.

Mwisho, kuna hasira zinazostahili kupelekwa mahali pake. Makocha wakipishana mlangoni, wa kuulizwa kwanza siye yule aliyeshuka kwenye ndege na sanduku lake. Wewe ni mwanachama, una kadi, una tawi, kuna mkutano mkuu. Simama pale uulize: nani alimchagua kocha huyu na kwa vigezo gani? Alishirikishwa katika usajili au alikuta majina mezani? Mkataba ukivunjwa leo, klabu italipa kiasi gani, na aliyelipwa msimu uliopita alilipwa kiasi gani? Uliza kwa heshima, uliza tena usipojibiwa. Maswali hayo yana mtu wa kuyajibu, anazungumza Kiswahili, na siku ya uchaguzi anakuja kuomba kura yako.