Mchuzi Balaa

Nauza wali na perege hapa Ndundu, karibu na Daraja la Mkapa. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda na utingo wa malori ya Kusini. Kijana mchuzi ukimkolea hasemi mtamu. Anasema, "Mama, huu mchuzi balaa!" Pikipiki mpya, balaa. Goli la Yanga, balaa. Shemeji yangu, mtu wa msikitini, hukereka. Kwake mdomo huumba, na anayeiita riziki balaa analialika balaa lenyewe.

Shemeji namheshimu, ila hapa simfuati. Huko Uarabuni neno lilikotoka, balaa ni mtihani, na Suratul Anbiyaa inatuambia tunajaribiwa kwa shari na kwa kheri pia. Sahani iliyojaa nayo ni mtihani: utaimaliza peke yako, au utamkumbuka wa pembeni? Sisi wa bonde la Mto Rufiji hili tunalijua kwa miguu. Mto ukifurika unafagia mpunga. Maji yakivuta yanaacha tope la rutuba, tunapanda mahindi na maboga bila kungoja mvua. Ndio mlau huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, serikali iliwahamishia watu juu kwa Operesheni Rufiji. Wakajenga huko, sawa, lakini msimu ukifika wengi walirudi bondeni, wakalala kwenye dungu wakiwinga ndege na kufukuza nguruwe. Walijua maji yaleyale yana sura mbili.

Ninapokwama ni kwingine. Aprili 2024 maji yalipofunika mashamba na nyumba, Rufiji na Kibiti, hawakukosekana wa kusema, "Subirini, kheri hiyo, tope linakuja." Wao walikuwa wamekaa pakavu! Walichosema si uongo, ila hakikuwa chao kusema. Mchuzi anauita balaa anayeula. Na mafuriko, akipenda kuyaita kheri, ayaite yule aliyepoteza shamba, siku atakayokuwa tayari. Kumtangulia ni kumnyang'anya na hicho kidogo alichobaki nacho.

Shemeji akaniuliza: kwa hiyo khatibu siku ya mafuriko aseme nini? Nikamwambia aombe dua fupi, ashuke mimbarini, aje atusaidie kubeba ndoo za maji ya kunywa.