Deni la Dirisha



Mtu ajengapo nyumba ya kupangisha huamua mambo mengi kwa niaba ya watu asiowajua. Huamua mlango uwe wapi, choo kiwe wapi, na dirisha litazame upande gani. Kazi ikiisha hupokea kodi, na mara nyingi yeye mwenyewe hakai humo. Atakayelala humo mwezi wa Januari na Februari, joto la pwani linapokuwa kali, ni mpangaji. Wazee walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi yafaa tujiulize: je, mwenye nyumba anawiwa kitu na mtu huyo, zaidi ya kumpa chumba chenye paa na kufuli?

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Kioo cha kawaida cha safu moja hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua liangukalo juu yake. Jua likiisha kuingia hupasha sakafu na kuta, na joto hilo halitoki upesi kama lilivyoingia. Pazia husaidia kidogo tu, maana lenyewe limo ndani. Hulipokea joto lililokwisha kupita. Lakini kivuli kilicho nje, kama vile upenu, ubao wa dirisha au mti, hulizuia jua kabla halijagusa kioo. Siku hizi viko pia vioo vya safu mbili vyenye utando mwembamba sana wa madini, ambao huacha mwanga upite na kulirudisha nje joto jingi. Vilivyo bora vyaweza kupitisha chini ya asilimia 30.

Kisha kuna upande wa dirisha. Katika mji kama Dar es Salaam, jua la adhuhuri hupita juu sana, hata upenu wa kadiri hutosha kulikinga dirisha litazamalo kaskazini au kusini. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, nalo hupenya chini ya upenu na kuingia moja kwa moja katika madirisha ya mashariki na magharibi. Tena upepo wataka mahali pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha la aluminiamu la kusukuma kando hufunguka nusu tu. Lile la zamani la vipande vya vioo lilifunguka karibu lote.

Sasa tazameni nani alipaye. Mwenye nyumba alichagua dirisha. Mpangaji hununua umeme wa LUKU ili feni izunguke usiku kucha. Mwenye uwezo huweka kiyoyozi. Lakini kiyoyozi hakiliui joto. Hulitoa chumbani na kulimwaga nje, pamoja na joto la kazi yake chenyewe. Kikiwa kwenye kichochoro, joto hilo humwendea jirani, ambaye hakuulizwa neno wala hakupata ubaridi wowote.

Jambo hili si la mitaa yetu tu. Mwaka 1933, mjini Paris, Jeshi la Wokovu lilifungua nyumba kubwa ya kuwahifadhi maskini. Mchoraji wake alikuwa Le Corbusier, mtu mwenye sifa kubwa. Upande unaoelekea kusini aliujenga ukuta mpana wa vioo visivyofunguka, akikusudia hewa ndani iendeshwe kwa mitambo. Fedha hazikutosha kwa mitambo ya kupoza. Kiangazi kilipofika, walioteseka kwa joto walikuwa wale wasio na pengine pa kulala. Baadaye ilibidi yawekwe madirisha yanayofunguka, na baada ya Vita Kuu ya Pili vikaongezwa vikinga jua kwa nje. Nia ilikuwa njema, na kipaji kilikuwepo. Lakini gharama ya wazo lile waliilipa wasiokuwa na sauti.

Wengine watasema: mpangaji hakulazimishwa, alikiona chumba akakubali. Hoja hii ina kweli ndani yake, lakini ni ndogo. Mtu atafutaye chumba karibu na kazi yake huchukua kinachopatikana, na huenda akakikagua asubuhi, hali joto la dirisha la magharibi huja alasiri. Kukubali kwa mhitaji hakumwondolei mwenye nguvu wajibu wa kufikiri.

Wengine watasema: vioo hivyo vya kisasa ni ghali. Ni kweli, wala hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa kutonunua asichokiweza. Lakini hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kukosa uwezo ni jambo moja. Kutojali ni jambo jingine. Kama kiwanja charuhusu, kuligeuza dirisha litazame kaskazini badala ya magharibi, wakati nyumba ingali mistari kwenye karatasi, hakugharimu shilingi. Kuweka matundu mawili yanayoelekeana ili upepo upite hugharimu kidogo. Kuuacha mwarobaini uliokwisha kukua hugharimu kuuhurumia tu. Haya yote yataka mtu amkumbuke mwenziwe ambaye bado hajaja.

Kwa hiyo, ninyi mnaojenga, kabla fundi hajaanza msingi, simameni kiwanjani saa kumi alasiri mtazame jua linakopiga na upepo unakotoka. Kisha mjiulize: chumba hiki, ningekubali mama yangu alale humo mwezi wa Februari, umeme ukiwa umekatika? Jibu likiwa hapana, nyumba haijakamilika hata kama rangi imekwisha kupakwa. Kodi hulipwa kila mwezi na kumalizika. Dirisha lililowekwa vibaya ni deni la miaka, na anayelilipa siye aliyekopa.