Aliyemgeuza Mamba Akawa Papa

Unguja ilipokaa kiza karibu miezi mitatu, kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ukiwa umeharibika, watoto wa mtaani kwetu Kajificheni walihamia barazani. Televisheni zimezima, ndani hakukaliki kwa joto. Magharibi ikishapita wanakuja mmoja mmoja, "Chei chei, mwalimu," wanajipanga kwenye baraza ambalo bado lina joto la mchana, nami nasema "Paukwa!" Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuwaandikia watoto.

Hadithi waliyoitaka kuliko zote ni ya kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, kila siku anamtupia rafiki yake matunda. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na walipofika kilindini anamwambia kweli: sultani wa papa hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Ah, anasema kima, mbona hukuniambia mapema? Sisi mioyo yetu tunaiacha mtini. Turudi tukauchukue.

Mimi nilipewa hadithi hii na bibi yangu, nikajua ni ya Unguja tangu dunia ilipoumbwa. Baadaye nikaikuta kwa Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekusanya hadithi za Waunguja na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. Kisha nikaikuta katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa karne ya 8. Humo rafiki wa kima ni kobe. Nyuma zaidi, katika Panchatantra ya Wahindi, ni mamba.

Habari hiyo haikunitoka kichwani siku nyingi. Kuna mtu, jina lake halikuandikwa popote, aliyeipokea hadithi hii ikiwa imevuka bahari kwa pepo za kaskazi, akawatazama watoto waliokaa mbele yake, akaona mnyama huyu hawatamwogopa. Unguja haina mto wa mamba. Papa wanamjua, wamemwona sokoni amelazwa chini, meno nje. Basi akambadilisha. Pengine alikuwa baharia, pengine yaya. Mimi namhesabu kuwa ndiye mtungaji wa kwanza wa watoto wa kisiwa hiki, na kila nikishika kalamu namfikiria yeye.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoniambia, na wananiambia mara nyingi, niandike hadithi zetu tu, za wageni niachane nazo. Najua wanachokiogopa. Nami naumia nikimwona mtoto wa Jang'ombe anachora theluji kwa sababu kitabu alichonacho kina theluji. Lakini watu wa visiwa hadithi zao zimekuja kwa vyombo. Kule Jamaica watoto wamelelewa na visa vya buibui Anansi, aliyevuka bahari pamoja na Waakan waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi. Na kutoka barazani kwangu mpaka Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ni mwendo mfupi wa miguu. Nikipita hapo najiuliza ni hadithi ngapi ziliingia kisiwani vifuani mwa watu wale.

Kitabu changu cha kwanza nilikipeleka Nungwi, mji wa mafundi wa vyombo. Nilikuwa nasoma huku nimeinua picha, ngalawa imetweka tanga, ndipo mtoto mmoja wa miaka kama tisa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii itapinduka."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akaja mbele. Hakunieleza kwa maneno. Akaweka viganja vyake viwili juu ya karatasi, kimoja kila upande wa ngalawa, pale zinapotakiwa kukaa mbao za ubavuni. "Sasa inakwenda," akasema, akarudi kukaa.

Mchoraji hakuwahi kuiona ngalawa. Mimi nimezaliwa nikiziona, na picha ile niliipitisha kwa sababu nilikuwa nahakiki maneno tu. Yule aliyembadilisha mamba asingeiacha ipite. Katika chapa ya pili mbao zimo, na mpaka leo mchoro wowote siupitishi kabla haujaoneshwa kwa mtoto.

Vitabu vyenyewe vinachapwa Dar es Salaam, vinavuka na boti, maboksi yanashushwa Malindi. Mzazi mwenye watoto wanne ananunua kwanza madaftari, na simlaumu. Kitabu kimoja kinazunguka nyumba saba mpaka jalada linatoka, na mimi nikikikuta katika hali hiyo roho yangu inatulia.

Mwezi uliopita nilimkuta binti mmoja barazani kwangu anawasimulia wadogo zake. Ni kima na papa, lakini mkuyu umekuwa mkungu wa Forodhani. Walipofika kilindini, kima akasema moyo wake ameusahau kwenye daladala ya Fuoni. Nilikwisha fungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga, nikasogea mwisho wa baraza, nikasubiri nisikie papa atapandaje.